Aliniambia Mashine Haiguswi

"We kaka mwenye kofia ya kijani! Umerudi tena?"

Msichana aliyekuwa akitutembeza Chuo cha Thornby alisimama ghafla mlangoni pa maabara. Tangu maktabani alikuwa akitembea kinyumenyume, uso kwetu na kisogo aendako, kama wafanyavyo wote wenye kazi hiyo, na hakujikwaa hata mara moja. Aliitwa Marisol, mwaka wa tatu, kemia.

Mwenye kofia ya kijani alikuwa Garrett, mpenzi wangu wa miaka miwili. Nilihisi mkono wake ukilegea ndani ya wangu.

"Umenifananisha, dada."

"Nikufananishe wapi! Si ulikuja Septemba na baba yako? Nikakukalisha kwenye hadubini ya elektroni, ukatazama kichwa cha sisimizi, ukagoma kuondoka. Wenzako walikungoja wee mpaka wakachoka."

Wazazi tuliokuwa nao wakacheka. Mama yangu hakucheka. Mimi nikautoa mkono wangu.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu hadubini hiyo, mashine inayokuza kitu mara maelfu, ndiyo ndoto yangu tangu darasa la kumi. Nataka kuona chuma kimetengenezwaje ndani, kwa nini kinakatika, basi. Vyuo viwili vidogo vilikuwa vimebaki mkononi, Thornby na Alder Creek. Septemba niliugua, Garrett akaja kuitazama Thornby kwa niaba yetu wote wawili. Akarudi uso umemshuka. Akaniambia mashine ipo lakini haiguswi, ni ya maprofesa tu, wanafunzi wanaichungulia dirishani. Nikalia. Yeye ndiye aliyenifuta machozi.

Nikachagua Alder Creek, yenye ziwa zuri, chakula kizuri, na hadubini ya kizamani kuliko mama yangu. Jioni ya siku hii ya kutembezwa ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma ombi la mapema, lile la kujifunga: unataja chuo kimoja, mzazi anaweka saini, wakikukubali umekwenda, hakuna kugeuka. Mama akagoma kusaini mpaka niione Thornby kwa macho yangu. "Hata gari la mtumba watu hulizunguka kwanza," alisema.

Nikamgeukia Marisol. "Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuigusa?"

"Sasa aiguse nani mwingine? Hapa hatuna wanafunzi wa shahada za juu, mpenzi. Profesa anatufundisha, anatuachia ufunguo, anaenda kula."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua inaishia mlangoni pa maabara, mbele za watu. Nilimshika Garrett kwenye mkono wa koti nikamvuta mpaka nje, penye baiskeli.

"Sema."

"Linnea, punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Ulikaa kwenye kile kiti?"

Akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Nakuuliza, ulikaa?"

"Nilikaa."

"Ukaona sisimizi, ukafurahi, halafu ukaja kwetu, nina homa, ukaniambia haiguswi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, sisimizi?"

"Kukupoteza! Thornby hawanichukui mimi. Alama zangu za hesabu unazijua. Alder Creek alisoma babu, akasoma baba, pale nina nafasi. Ungekuja huku, mimi ningekuwa nani kwako? Mtu wa kwenye simu?"

"Kwa hiyo ukaona bora unifiche?"

"Nilitaka tuwe pamoja. Ni kosa?"

Baridi ya Minnesota ilikuwa kali, lakini koti nililifungua.

"Hivi unajua kinachoniuma? Ungeniambia ukweli, ningeweza kukufuata Alder Creek. Mwenyewe! Ningejua ninachokiacha, na ningejua nimekiacha kwa ajili ya nani. Wewe hukutaka nikuchague. Ulitaka nisiwe na pa kwenda."

"Basi tuanze upya. Natuma ombi huku pia, nijaribu."

"Si tulisema tunatuma leo pamoja? Bado muda upo, jaribu."

Akainamisha kichwa. Kijasho kikamtoka, na mwezi wenyewe ndio huo Novemba unabisha hodi.

"Nilishatuma Alder Creek. Wiki iliyopita."

"Ya kujifunga?"

"Ndiyo. Nilidhani ukijua mimi nimeshafungwa, hutabadili mawazo."

Jamani! Yaani mtu alijitia kitanzi makusudi ili mimi nione haya kutotia changu. Nilitafuta tusi la kumtosha nikalikosa.

Na kurudi nyumbani ni mwendo wa saa nne, gari ni moja, la mama. Mimi nikakaa mbele, yeye nyuma na kofia yake. Hatujatoka hata mjini, simu yangu ikaita mlio wa ujumbe.

"Nisamehe. Nilikupenda kupita kiasi."

Nikaandika: "Hukufika hata hicho kiasi. Ulipenda nusu yangu, ile inayokaa karibu na wewe."

"Usitume leo. Kuna maombi ya kawaida ya Januari. Tulia kwanza."

"Nyie wawili," mama akasema, macho barabarani, "mnaandikiana humuhumu garini?"

"Mama, simama kwenye kituo cha mafuta kile."

Akasimama. Nikafungua fomu ya ombi, nikampa simu, akasoma jina la chuo, akanitazama usoni.

"Una uhakika, mwanangu? Hii haina kurudi nyuma. Usiifanye kwa hasira."

"Hasira ninazo, mama. Lakini mashine niliitaka kabla sijazipata."

Akasaini. Nikabonyeza.

"Umetuma wapi?" Garrett akauliza kutoka nyuma, sauti imekauka.

"Thornby."

Akaanza kulia. Nami nikageukia dirishani, machozi yananitoka vilevile, maana nilimpenda, na shenzi yule nampenda hata sasa ninapoandika. Kupenda hakunizuii kujua nimefanyiwa nini.

Tulipofika kwao, hakushuka mara moja. Kisha akatoka, akazunguka gari, akaja upande wangu akainamia kioo. Nikakishusha kidogo.

"Kesho nije nikuchukue tuende shule, kama siku zote?"

"Nitapanda basi la shule."

Akanitolea macho. Kwetu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayepanda basi lile huchekwa mpaka anahitimu.

"Basi? Na vitoto vya darasa la tisa, Linnea?"

"Na vitoto vya darasa la tisa."

Nikapandisha kioo. Mama akakanyaga mafuta.