Kikombe cha Nzomo

Sogeeni karibu, nyinyi wote. Wavinya, weka hiyo simu kifudifudi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, amalize. Nikianza nataka kusikia pumzi zenu tu.

Nilikuwa na dada mkubwa, Syombua. Kabla ya uhuru mimi nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, na yeye ameolewa hapa hapa Kalamba. Alizaa kavulana. Kakaishi siku mbili. Mnajua kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni kiimu, kitu cha mizimu, bado si mtu wa nyumbani. Kwa hiyo walikazika bila jina na hakuna aliyelia kwa sauti. Lakini Syombua alikuwa amelichagua jina. Nzomo.

Mwezi uliofuata lori ya sinema ikaja sokoni. Wakafunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili. Picha ilikuwa ya watu walioshuka kutoka juu, kwa chombo kama sufuria iliyofunikwa. Rangi ya jivu. Hawana midomo. Niliwahesabu kama mbuzi, wakawa sita. Watano warefu. Wa sita alikuwa mdogo, akabaki nyuma kwenye shamba ya ngano.

Mwanamume wa lori alitutafsiria kwa kipaza sauti. Akasema, "Hawa hawana majina."

Syombua akacheka, mara ya kwanza tangu azae. "Asi! Hata kale kadogo?"

"Hata hako, mama."

"Basi ni kangu. Kanaitwa Nzomo. Wee Nzomo, njoo nyumbani!"

"Na utakalisha na nini," jirani yetu Kalunde akamwuliza, "na hakana mdomo?"

Soko yote ikacheka. Yule mdogo kwenye kitambaa akageuza kichwa. Akatuangalia. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo picha ilivyo.

Mwishoni walirudi kwa chombo chao. Nikahesabu. Watano.

Asubuhi nilienda kwa Syombua kuomba moto. Kando ya mafiga kulikuwa na nyayo kwenye jivu. Ndogo. Hazina vidole.

Tangu siku hiyo alikuwa akiweka maziwa jioni, kwa kikombe cha bati chenye mstari wa buluu. Asubuhi kikombe kitupu. Hakuugua dada yangu. Alipungua tu, kama sabuni. Siku moja akaniambia, "Nikienda, utamwekea?"

"Nitamwekea."

Tulimzika. Nilimwekea jioni moja. Nikaogopa. Nikakifudikiza kile kikombe juu darini, nikaolewa, nikaokoka, nikazaa. Miaka ikaenda hivyo.

Sasa hivi majuzi. Mnamjua Kisilu, mjukuu wangu anayetengeneza simu Malili. Mke wake Ndinda alijifungua mvulana, nikaenda nimpe jina. Siku ya pili, alasiri, tumeshakula, Kisilu akawasha televisheni.

"Susu, nimekutafutia ile sinema yako ya watu wa juu. Mwaka mzima naitafuta."

"Ya nini, mwanangu?"

"Si wewe husema hakuna picha ya siku hizi inaifikia? Ona, wameisafisha. Hata majani unaweza kuhesabu."

Chombo kikafunguka. Nikahesabu. Watano.

"Rudisha."

Akarudisha. Watano.

"Yule mdogo yuko wapi?"

"Hakuna mdogo, Susu. Nimeiangalia mara tatu."

Ikafika shamba ya ngano. Ngano ikapasuka katikati, kama mtu mfupi anapita. Hakukuwa na mtu. Ikazidi kupasuka, ikija upande wetu. Ikaja. Ikajaa kioo. Kisha picha ikaendelea na mambo yake.

"Mtoto apewe jina sasa," nikasema.

"Ni kesho, Susu. Hata pasta nimemwambia kesho."

"Sasa, Kisilu. Anaitwa Mutunga, jina la baba yako."

Nikainuka. Magoti yakakawia. Nilipofika mlango wa chumba cha kulala, Ndinda alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani.

"Susu," akanong'ona, "mbona hukuniambia uko na dada?"

"Dada gani?"

"Si huyo ametoka sasa hivi. Anasema mtoto alishapewa jina zamani. Anasema ulimwahidi maziwa."

Chumba hicho kina mlango mmoja. Nilikuwa nimesimama hapo.

Nikamwita mtoto, "Mutunga." Akalala tu. Nikaita polepole lile jina lingine.

Akageuza kichwa. Akaniangalia. Mtoto wa siku mbili.

Sikulia. Sikusikia uchungu wala hofu, nimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Niliangalia chini. Nyumba ya Kisilu ni ya vigae, wanapika kwa gesi, jivu haliingii pale. Kutoka televisheni mpaka kitandani kulikuwa na nyayo za jivu. Ndogo. Hazina vidole. Za kuingia tu.

Pasta alimwombea kwa jina la Mutunga. Hageuki akiitwa hivyo. Nami nilikishusha kile kikombe darini, nikakiosha, nikampelekea Ndinda. Yeye huweka maziwa kila jioni. Asubuhi kitupu. Mtoto ana wiki tatu, hata kuketi hajui.

Jana Ndinda alinipigia simu. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Susu, nikienda, utamwekea?"

Nikasema ndiyo.

Lakini mimi ni mzee, ndiyo sababu nimewaita. Sikieni mgao wangu. Kisilu, shamba ya mtoni. Nthiwa, mbuzi wote na yule beberu mkorofi. Mtoto amesharithi jina, hilo halikupitia kwangu.

Wavinya, wewe kikombe. Usikifudikize.