Alama Mbili kwa Kumi

Gazeti lilipotua mezani asubuhi ile, mkosoaji wa gemu alifungua ukurasa wake, akasoma mistari mitatu, akakaa chini. Jina lilikuwa lake. Picha pembeni ilikuwa yake, kipara na vyote. Makala haikuwa yake hata neno moja.

Yeye alikuwa ameisifu Kengele za Mlima Mweupe, gemu mpya ya Kijapani iliyotengenezwa makusudi kwa mtindo wa kizamani: picha za vidoti, muziki wa filimbi, mashujaa wanaosafiri na kupigana na majitu kwa zamu. Aliipa tisa kwa kumi. Gazeti liliipa mbili. "Gemu hii," liliandika, "inawalilia waliokuwa na utoto mtamu. Sisi wengine tunaombwa tulie kwenye msiba wa watu."

Ukweli usemwe, sentensi ilikuwa nzuri. Ndiyo maana simu hazikukatika. Nusu ya wasomaji walitukana, nusu walishangilia, na wauzaji wa gemu walitaja mahakama.

Mhariri, mama asiyekuwa na muda wa porojo, alimwita mkuu wa ulinzi wa jengo, polisi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande.

"Una mpaka saa nane mchana," alisema. "Kama ameandika yeye mwenyewe halafu anajifanya kushangaa, leo hii anafungasha virago. Ana watoto watatu, najua. Usinikumbushe."

Afande hakuwahi kushika gemu maishani. Alisoma makala zote mbili, kalamu mkononi, kisha akaenda chumba cha wakosoaji.

"Ni wewe?"

"Haki ya Mungu si mimi!"

"Imetumwa kutoka kompyuta yako, jana saa moja jioni."

"Saa moja nilikuwa kwenye foleni barabarani."

"Nani alikuona?"

"Watu mia, na hakuna anayenijua."

"Na kompyuta?"

"Huwa siizimi. Nikiizima nasahau nywila."

"Hongera," alisema Afande. "Sasa niambie. Kwenye makala yako wasafiri ni wanne. Kwenye hii ni watatu. Nani kati yenu hajui kuhesabu?"

Mkosoaji aliinua kichwa. "Watatu? Basi huyu kaicheza kweli! Afande, kijiji cha kwanza kuna bibi kizee. Ukizungumza naye mara tatu anafuatana nawe, na mlimani anagonga kengele, njia inafunguka. Ukimpita, unabaki na watatu, na inabidi uzunguke kwa chini, kwenye mgodi. Mimi hata mlango wa huo mgodi sijauingia."

"Nani mwingine anaujua?"

"Hakuna. Gemu inaanza kuuzwa leo. Diski ilikuwa moja tu, nilipoimaliza wiki iliyopita nikaiweka kwenye droo ile. Na mgodi sijautaja popote, wala kwa mke wangu."

"Droo ina ufunguo?"

"Upo. Unaning'inia hapo ukutani."

Afande aliutazama ufunguo kwenye msumari, akaguna. Watu wenye elimu zao!

Ofisi nzima ilikuwa imeshatoa hukumu: ni Kasi, kijana anayerusha video za gemu mtandaoni, anayekaa chumba hichohicho, ambaye ameuomba ukurasa ule mpaka amechoka kuomba. Alikuja akitafuna bazoka.

"Leo umefurahi," Afande alimwambia.

"Sana. Nisikudanganye."

"Mlima Mweupe wewe uliupandaje?"

"Mlima gani? Afande, gemu ya kubonyeza halafu unangoja mwenzio abonyeze? Mimi kungoja maji ya chai tu yachemke kunanishinda. Na jana jioni nilikuwa hewani kutoka nyumbani, watazamaji kibao. Angalia mwenyewe."

Afande aliangalia. Kasi alikuwa hewani kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, akipiga risasi na kupiga kelele bila kupumua. Ilishafika saa sita na nusu, na mkosoaji alikuwa ameanza kupanga vitabu vyake kwenye boksi.

Mlangoni alisimama mpangaji kurasa, mdogo wake mkosoaji, na kikombe cha chai aliyomletea kaka yake.

"Afande, kaka hawezi kufanya hivi. Muulize yeyote."

"Ukurasa ulipita kwako."

"Nilipanga ya kwanza mchana, jioni ikaja mpya kutoka kwake. Mimi napanga tu, sisomi."

"Kaa basi. Na wewe unazipenda hizi gemu za kaka yako?"

"Ah, mimi! Zinachosha. Unashinda gizani humo mgodini, popo wanakurukia kila hatua..."

Akanyamaza. Afande aliweka kalamu chini. Hakufurahi hata kidogo, maana alikuwa akimpenda kijana huyu.

Ofisini kwa mhariri, mkosoaji aliposikia alicheka kwanza. Alidhani ni utani.

"Mdogo wangu? Nimemtafutia kazi hii mimi!"

"Niliisoma makala yako wakati naipanga, kaka," mdogo mtu alisema. "Jana mchana, yote. Umeandika kwamba utotoni tulicheza bega kwa bega, kila mtu na rimoti yake."

"Si kweli?"

"Rimoti yangu haikuwa imechomekwa. Miaka yote ile nabonyeza, naruka, nasema nimemuua, kaka! Na wewe unasema safi sana. Ulipokwenda shule ya bweni nikafagia nyuma ya televisheni, nikauona waya."

Mdogo mtu aliendelea bila kumtazama.

"Diski nilikuwa nimeichukua Ijumaa, nione nilinyimwa nini. Kaka, humo ndani hata chura wa kinamasi anapewa zamu yake! Halafu naletewa hadithi yako niipange, niipambe na picha. Nikashindwa."

"Ulijua atafukuzwa?" mhariri aliuliza.

"Nilidhani atakasirika tu. Niliposikia habari ya virago nikaogopa kusema."

"Ulikuwa na miaka sita," mkosoaji alisema taratibu. "Ungetufanya tushindwe."

"Ndiyo. Tungeshindwa wote wawili."

Mhariri alinyoosha mkono, kijana akavua kitambulisho shingoni akampa. Kisha mhariri akamwambia mkosoaji arudishe vitabu vyake rafuni. Mkosoaji hakusikia. Alikuwa anamtazama mdogo wake kama mtu aliyekutana naye leo.

"Uliimaliza?"

"Mpaka mwisho."

"Bila bibi? Mimi ule mwisho siujui. Unakuwaje? Nisimulie."

Mdogo mtu alikuwa ameshashika kitasa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kacheze mwenyewe, kaka," alisema, akatoka.