Msiba Usio na Mtani

Kihariri-moyo, mashine ya kuhariri filamu, hakikuwa na huruma hata chembe, lakini kuliza watu kilijua. Kila kiti katika ukumbi wa chuo cha filamu, Iringa, kilifungwa vihisio vilivyosoma mapigo ya moyo na pumzi za aliyekikalia. Watazamaji wakianza kupoa, mashine iliikata picha hapohapo, ikauvuta karibu uso wenye machozi, ikaongeza muziki wa huzuni. Wingi wa machozi ndio uliokuwa alama za mtihani. Eti huo ndio usanii!

Semeni Luhanga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alitengeneza filamu ya mazishi ya baba yake. Baba alikuwa Mhehe, na Wangoni ni watani wao, kwa hiyo Mngoni mmoja aitwaye Komba alifika msibani kufanya kazi yake. Alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake wa maringo, kisha akajilaza kando ya kaburi akagoma kuondoka mpaka apewe kuku. Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani wa msibani ndivyo ulivyo, humshikilia mfiwa asizame.

Kihariri-moyo kilifundishwa na watu wasiojua mambo hayo. Filamu ilipojaribiwa ukumbini, kiliona kicheko makaburini ni kosa, kikamfuta Komba kabisa, kikajaza nafasi yake kwa vilio na mvua ambayo siku ile haikunyesha.

Semeni alimwonyesha mama yake toleo hilo nyumbani, na mama akaomba kulirudia karibu kila jioni. Siku moja Semeni akamtania kuhusu Komba na lile koti. Mama akamkazia macho.

"Komba hakuja, mwanangu. Siku ile ilikuwa ya kulia tu."

Semeni alikasirika kuliko alivyopata kukasirika maishani. Mashine ilikuwa imeingia kichwani mwa mama yake na kukata humo pia.

Siku ya mtihani alimleta mama ukumbini, akamketisha mbele. Kisha akaingia chumba cha mitambo, akakizima Kihariri-moyo na kuweka filamu aliyoikata kwa mkono wake. Mkuu wa chuo, Daktari Kisanga, akaja mbio. Alimweleza kwamba bila mashine hakuna kipimo, atapata sifuri, na cheti atakisikia kwa wenzake.

"Washa tu, binti yangu. Utafaulu."

"Siwashi, Mwalimu. Niandikie hiyo sifuri. Mama yangu ananidai msiba wake."

Kwenye picha jeneza lilishuka kaburini kimya, bila muziki. Baada yake Semeni alikuwa ameunganisha mgongo wa mtu mwenye koti la marehemu, akitembea kwa maringo kati ya makaburi. Aliuacha mgongo huo kwa muda mrefu, kwa makusudi, mpaka ukumbi mzima ukaamini kwamba marehemu ameamka. Ndipo mtu yule akageuka, na kumbe ni Komba, anadai kuku.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama alijishika mdomo, mabega yakatikisika, na Semeni hakujua anacheka au analia. Nyuma yake Kisanga alikuwa anaandika sifuri. Semeni hakugeuka.

"Rudisha kidogo, mwanangu," mama aliita kutoka mbele. "Pale kabla hajageuka. Baba yako alikuwa akitembea hivyohivyo."

Semeni akarudisha.