Tumbo Dogo la Kiprugut

Katika mwaka wa 1957, pale Sachangwan, Chepkurui alikuwa mwanamke aliyechoka kusema.

Siku yake ilianza na baridi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya pareto alipokwenda kukama ng'ombe wake wawili. Kisha aliwasha moto, akawapa watoto uji, akamtayarishia mumewe chakula. Chakula cha mumewe kilikuwa kazi peke yake. Kilipimwa kwa bakuli dogo la bati, bakuli la mtoto, na kila siku Chepkurui alilitazama bakuli lile akaona kwamba bado limejaa mno.

Mumewe aliitwa Kiprugut. Alikuwa mtunza stoo katika shamba la Mzungu mmoja. Alipima pareto waliyoichuma wanawake, akapima viazi na mbolea. Kila kitu kilichopita mlangoni pake kilipanda mizani. Kiprugut peke yake ndiye aliyekuwa hapandi.

Zamani alikuwa mnene sana. Watu walimsifu kwa unene huo, lakini hawakulala naye nyumba moja. Chepkurui ndiye aliyemsikia akihema kama anapanda mlima, naye amelala. Ndiye aliyemkanda magoti yaliyovimba. Ndiye aliyepiga magoti kila asubuhi kumfunga viatu, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuinama.

Kisha, mwaka uliotangulia, Kiprugut alitapika damu. Alikuwa na kidonda tumboni, na kidonda kilikuwa kimepasua mshipa. Walimpakia kwenye lori la shamba, wakamkimbiza hospitali Nakuru. Daktari mpasuaji alimkata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili kumwokoa. Alipona. Na kwa kuwa mfuko uliobaki ulikuwa mdogo, alikula kidogo, na mwili ukapungua. Kutoka ratili mia mbili na sabini alishuka mpaka mia moja na tisini.

Daktari alifurahi. "Kidonda kimekwisha, na unene umepungua," alimwambia siku ya kutoka. "Magoti yako yatakushukuru. Sasa kazi ni kukaa hapo hapo ulipofika. Meza vidonge hivi, na urudi hapa baada ya miezi mitatu."

Kiprugut aliitikia vizuri sana. Alimeza vidonge mpaka vikaisha. Miezi mitatu ilipofika alijiona mzima, akasema Nakuru ni mbali. Hakurudi.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Alijifunga viatu mwenyewe. Alikwenda kazini kwa miguu akipiga mluzi. Lakini mwaka ulipokaribia kwisha, Chepkurui aliona mkanda wa suruali umehama tundu moja. Baadaye ukahama la pili.

"Baba Cheptanui," alimwuliza, "unakula nini huko stoo?"

"Nile nini? Wewe mwenyewe ndiye unanipimia chakula kama cha kuku."

Chepkurui akapunguza chakula zaidi. Aliondoa nyama, aliondoa maharagwe, akaacha ugali kidogo na mboga. Mkanda ukahama tundu la tatu. Alipunguza tena. Haikusaidia kitu. Alitaka kulia kwa hasira. Mtu huyu alikuwa anakula bakuli la mtoto, na bado ananenepa kama anayelishwa na majini!

Tena kulikuwa na mama mkwe wake, Chepkosgei. Kila Jumapili alishuka kutoka kwake juu ya kilima na kibuyu cha maziwa na nyama yenye mafuta.

"Mwanangu amebaki mifupa," alisema, akimtazama Chepkurui badala ya kumtazama mwanawe. "Nyumba hii haina chakula?"

"Mama, daktari alisema ale kidogo."

"Daktari alimzaa?"

Basi Chepkurui alipokea kibuyu, akauma meno.

Siku moja ya Jumatatu alikuwa akifua nguo. Alichukua shati la kazi la Kiprugut, akaona sisimizi wamejipanga kutoka ukutani mpaka mfukoni. Alitia mkono. Kitambaa cha mfuko kilikuwa kimegandana. Ndani mlikuwa na donge la sukari guru lililolambwa likabaki nusu, na maganda ya karanga.

Alisimama na lile shati mkononi, maji yakimtiririka mpaka viwiko. Kisha akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda stoo.

Kiprugut alikuwa ameketi nyuma ya meza. Kando yake palikuwa na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Alipomwona mkewe alijaribu kuificha kwa magoti.

"Lete hiyo," alisema Chepkurui.

Alionja. Ilikuwa tamu kiasi cha kuumiza meno.

"Unakunywa chupa nzima?"

"Si kwa mara moja. Nikiinywa haraka moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, lazima nilale chini. Kwa hivyo nainywa pole pole. Kidogo, kidogo."

"Tangu saa ngapi?"

Kiprugut alitazama pembeni. "Tangu asubuhi mpaka jioni."

"Na sukari guru?"

"Nalamba tu."

"Unalamba tu! Mimi nimegombana na mama yako mwaka mzima kwa ajili yako. Nimeitwa mchoyo. Nimeitwa muuaji. Na wewe umekaa hapa unalamba tu! Wakikukata tena, nani atakuuguza? Ukianguka, watoto hawa nitawapeleka wapi?"

Alitarajia kwamba Kiprugut angepiga kelele. Wanawake wa pareto walikuwa mlangoni, wanasikia kila neno. Lakini Kiprugut alishusha sauti.

"Mama Cheptanui, wewe hujui. Nakula matonge manne, chakula kinasimama hapa kifuani. Ninyi bado mnakula na kucheka, mimi nakaa naangalia. Halafu ikifika saa nne nguvu zinaisha. Miguu inatetemeka. Gunia ambalo nilikuwa nanyanyua na mkono mmoja sasa linanishinda. Nikilamba sukari napata nguvu kidogo. Nitafanya nini? Nianguke mbele ya watu?"

Chepkurui alifunga kizibo cha chupa. Hilo la nguvu kuisha hakulijua. Lakini hasira haikumtoka. Alibeba chupa na shati, akaenda moja kwa moja mpaka zahanati.

Pale zahanati palikuwa na dresa mmoja aliyeitwa Naftaly. Alifunga vidonda, alipiga sindano, na alikuwa amefanya kazi miaka minne katika wodi ya waliopasuliwa. Chepkurui aliweka chupa na shati juu ya meza yake.

"Daktari, tazama mwenyewe!"

"Mimi ni dresa tu, mama," alisema Naftaly. Alilitazama shati, akamwondoa sisimizi mmoja. "Nitakuja kesho. Tutaonana huko stoo, kwenye mizani."

Kesho yake Kiprugut alipanda mizani yake kwa mara ya kwanza. Naftaly alisogeza chuma, akasoma: ratili mia mbili na ishirini na moja.

"Umerudisha thelathini na moja," alisema.

"Unaona!" alisema Chepkurui.

"Ngoja, mama. Nipe kwanza habari ya chakula chake cha nyumbani."

Chepkurui alieleza. Ugali kidogo, mboga kidogo. Nyama ameondoa. Maharagwe ameondoa. Maziwa ameondoa. Alieleza kwa fahari kidogo.

Naftaly alivuta kope la chini la Kiprugut, akatazama. Ndani palikuwa peupe. Alitazama na kucha zake.

"Mzee huyu hana damu ya kutosha," alisema. "Ndiyo maana miguu inatetemeka. Mtu aliyekatwa mfuko wa chakula hapati vizuri vile vitu vinavyotengeneza damu, hata akila. Ndiyo maana alipewa vidonge vya madini ya chuma, na ndiyo maana aliambiwa arudi. Wengine huhitaji na sindano. Vidonge viko wapi, mzee?"

"Viliisha."

"Lini?"

Kiprugut alikohoa. "Zamani."

"Na wewe, mama," Naftaly aliendelea, "umekosea kidogo. Usikasirike."

Chepkurui alikasirika. "Mimi?"

"Wewe. Umeondoa chakula kinachojenga mwili na kushibisha, ukaacha ugali. Saa moja baadaye ana njaa, naye yuko kazini peke yake. Anatafuta nini? Sukari. Mfuko wake ni mdogo, lakini kitu cha maji maji hakikai humo, kinapita tu. Chai tamu inapita, sukari guru inayeyuka inapita. Akinywa kidogo kidogo kutwa nzima, ni kama anakula sinia zima. Ule upasuaji unapunguza sahani. Hauwezi kulinda mfuko wa shati."

"Basi mimi ndiye nimemnenepesha?" Machozi yalikuwa karibu. "Mwaka mzima nimejitesa!"

"Mmejitesa wote wawili, kila mtu upande wake," alisema Naftaly. "Sasa jiteseni pamoja, itakuwa rahisi."

Alikaa nao mpaka wakaelewa. Kiprugut ale mara tano kwa siku, kwa saa zinazojulikana, na katikati asiguse kitu. Katika bakuli aanze na yai, au maharagwe, au nyama isiyo na mafuta, au samaki. Mboga zifuate. Ugali uje mwisho, kama kuna nafasi. Atafune mpaka kiwe laini, na akihisi kimesimama kifuani aache papo hapo. Asinywe wakati wa kula; angoje nusu saa, kisha anywe maji au chai isiyo na sukari. Maziwa lala anaweza kupata, kikombe kidogo, kama mlo mmoja. Atembee kila siku. Ajipime kila Jumamosi. Na kabla ya yote apande gari la Nakuru, daktari amwone na kumpima damu.

"Mpaka lini?" aliuliza Kiprugut.

"Mpaka mwisho, mzee. Ule mfuko hautaota tena."

Kiprugut alikwenda Nakuru, akarudi na vidonge na tarehe ya sindano. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Alikosa chai yake tamu, akawa mkali kama mbwa aliyefungwa. Chepkurui naye alikuwa mkali. Waligombana juu ya yai. Waligombana juu ya saa. Lakini baada ya mwezi mmoja miguu iliacha kutetemeka, na mizani ikaonyesha ratili nne pungufu.

Ikabaki Jumapili.

Chepkosgei alikuja kama kawaida. Aliweka nyama mbele ya mwanawe, kipande kinachong'aa mafuta. Chepkurui alivuta pumzi, tayari kwa vita. Lakini safari hii Kiprugut alisogeza sahani mwenyewe.

"Mama, siwezi kula hii."

"Huyu amekukataza?"

"Hapana. Ni mimi. Hii inanirudisha nilikotoka."

Mama yake alimtazama shingo. "Baba yako alianza hivyo hivyo," alisema. "Alipungua shingo. Akapungua mikono. Watu wakasema ni kazi nyingi. Kabla ya mvua kurudi nilikuwa nimemzika. Na wewe nikuangalie tu, ninyamaze?"

Chepkurui alimgeukia. Kwa mwaka mzima alikuwa akiisikia sauti ya mwanamke huyu kama matusi. Hakuwa amesikia hofu iliyokuwa ndani yake.

"Baba alikuwa mgonjwa," alisema Kiprugut kwa upole. "Mimi ugonjwa wangu ulikuwa ule unene. Mama, ni miaka mingapi sijafika kwako?"

"Sita. Kilima kilikushinda."

"Inuka, twende."

Walikwenda wote watatu. Njia ya kwa Chepkosgei ilikuwa imesimama kama ngazi, yenye utelezi wa mvua. Kiprugut alipanda pole pole, fimbo mkononi. Alisimama mara mbili kupumua. Mara ya tatu aliyesimama ni mama yake, naye Kiprugut akamshika mkono akamvuta. Walipofika juu, Kiprugut alisimama mlangoni kwa mama yake, akatazama paa, akatazama ua alikochezea utotoni. Chepkosgei alimshika mkono kwa nguvu, akaubonyeza kama mtu anayechagua jogoo.

"Una nguvu," alisema.

"Ninazo."

"Basi niambie kile unachokula. Na uniambie vizuri, nisije nikakuua."

Chepkurui ndiye aliyemweleza. Alieleza yote, yai na maharagwe na saa. Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Mwaka uliofuata Kiprugut alifika ratili mia moja na tisini na sita, akakaa hapo. Jumamosi nyingine mizani ilipanda moja au mbili, wiki iliyofuata ikashuka. Sindano zake hakukosa. Na kila Jumapili ni yeye aliyepanda kilima.

Huko juu alikuta mambo yamegeuka. Siku moja aliyokwenda na Chepkurui, alimaliza yai lake na maharagwe yake, akanyoosha mkono kwenye kiazi cha kuchemsha. Kilikuwa kiazi kimoja tu, tena kidogo. Chepkosgei alimpiga kofi kwenye vidole.

"Umesikia kifua kimesema nini?"

"Mama, bado kuna nafasi."

"Saa yako ya kula imekwisha. Rudisha."

Kiprugut alimgeukia mkewe, macho yakiomba msaada. Chepkurui aliinua kikombe chake cha chai, akaanza kunywa taratibu, akitazama kilima cha ng'ambo.