Mkate wa Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi Kijiko alikuwa wa kwanza kufika mezani. Ndiyo maana nyumba nzima ilimpa jina hilo. Asubuhi hiyo chai yake ilipoa, mkate haukuguswa.

"Makubwa haya!" bibi akamtania. "Kijiko kimesusa chakula?"

Mama mdogo alicheka huku akipiga pasi gauni lake. Alikuwa mtafiti wa jinsi mwili unavyofanya kazi. Jioni hiyo chama cha wanasayansi kingemtuza kwa utafiti bora, kuhusu mapigo ya moyo wa mtoto anayepanda ngazi kabla ya kula. Kijiko alikuwa miongoni mwa watoto waliopimwa. Waliagizwa wafike bila kula chochote, lakini yeye alibugia mkate nyuma ya mlango. Alipoulizwa, akajibu, "Sijala."

Tangu tuzo itangazwe, uongo ule ulimnyima raha. Akisema, atamharibia mama mdogo sherehe. Akinyamaza, mama mdogo atapigiwa makofi kwa kazi yenye doa. Mbele moto, nyuma shimo.

"Utakaa na mimi mstari wa mbele, mwanangu," mama mdogo alisema. "Kazi hii ni yetu sote."

Kijiko akaangua kilio. "Mama mdogo, siku ile nilikula! Nilikudanganya."

Mama mdogo akazima pasi. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Sauti yake ikasikika kwenye simu. Kijiko alitamani kutoroka. Bibi hakumkaripia, alimshika mkono tu, akamwacha alie.

Mchana ulishaingia mlango ulipofunguka.

"Nimemweleza mwenyekiti wa chama," mama mdogo alisema. "Nimeondoa vipimo vyako, nikahesabu upya, na yeye amekagua. Jibu ni lilelile, tuzo ipo. Ila jukwaani nitasema kwamba mtoto mmoja ameondolewa."

"Utanitaja?"

"Nitasema mtoto mmoja. Jina la Kijiko ni la mezani kwetu."

Bibi akacheka. Mama mdogo akachuchumaa mbele ya Kijiko.

"Tulipima watoto wengi ili mmoja akiteleza, kazi isianguke. Lakini aliyeteleza asiposema, nani atajua pa kurekebisha? Kosa lililosemwa hurekebishika, mwanangu. Lililofichwa humla aliyelificha. Haya, umekula leo?"

"Sijala," alijibu Kijiko, na safari hii ilikuwa kweli.

Bibi akaipasha chai moto.