Lugha Tatu za Babu Évode

Kila Jumamosi, nyumbani kwao Vårby gård, nchini Uswidi, Babu Évode hutega vitendawili na mjukuu wake Alma hutegua. Alma akiulizwa habari za shule hujibu kwa Kiswidi. Lakini vitendawili ni kwa Kiswahili tu. Babu hataki mchezo.

"Kitendawili!" alisema babu Jumamosi moja.

"Tega!"

Babu akafungua mdomo. Neno halikutoka. Likaja baada ya muda, babu akijifuta jasho. Daktari alikuwa amekwisha kuona uvimbe kwenye ubongo wake, upande wa kushoto. Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata.

Mkewe, Bibi Gaudiose, alichukua fomu ya hospitali mezani. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Baba Yvan, hii nini?" alimwuliza mumewe. "Lugha: Kiswidi. Basi?"

"Nakijua. Nimeendesha basi hapa miaka ishirini."

"Na mimi unaniongelesha Kiswidi humu ndani?"

Évode ni Mrundi, Gaudiose ni Mkongomani wa Uvira. Walianza kupendana kwa Kiswahili, na hata leo hugombana kwa Kiswahili.

"Nikiandika Kiswahili au Kirundi wataniletea mkalimani," alinung'unika Évode. "Atakuwa nani? Aristide wa kwaya! Kanisa zima litajua ya kichwani mwangu."

"Mungu wangu! Kichwa kinapasuliwa, mtu anaogopa kwaya!"

Gaudiose alitoka akagonga mlango wa jirani. Annick, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuja na ndara zake.

"Baba Yvan, katikati ya upasuaji utaamshwa," alisema.

"Kichwa kikiwa wazi?"

"Ngozi inatiwa ganzi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari anaugusa kwa umeme hafifu, hapa na pale. Wewe unataja picha na kuchezesha vidole. Ukikwama, au mkono ukishtuka, anaweka alama: hapa pasikatwe. Ndiyo ramani ya ubongo wako."

"Nitazitaja kwa Kiswidi."

"Lugha zako zinaweza kutofautiana mahali zinapokaa. Wakipima Kiswidi peke yake, wanaweza kukata panapobeba Kiswahili."

"Halafu mkalimani aje akae na mimi jikoni!" alifoka Gaudiose. "Na Alma nani atamtegea?"

"Mkalimani halali amefungwa na sheria, hatoi siri," Annick aliongeza. "Ukimjua, omba mwingine."

Évode alimtazama Alma.

"Nipe kalamu."

Akaandika lugha tatu. Kabla ya upasuaji alipimwa kwa picha, pamoja na mkalimani, mama mmoja asiyemfahamu.

Siku yenyewe, daktari akigusa mahali pamoja kwa umeme, Évode alionyeshwa picha ya jogoo. Kwa Kiswidi akamtaja bila shida. Kwa Kirundi pia. Kwa Kiswahili akasema, "Huyu ni..." Akakwama. Daktari aliondoa umeme. "Jogoo!" Wakajaribu tena palepale, akakwama tena. Pakawekwa alama. Kipande kidogo cha uvimbe kiliachwa hapo, nacho kitafuatiliwa kwa vipimo.

Wiki chache baadaye kwaya ilikuja kumjulia hali. Évode, kofia kichwani, hakungoja hata chai.

"Kitendawili!"

"Tega!" walijibu, Alma akiwazidi wote kwa sauti.

"Paa limefunguliwa, mwenye nyumba anaongea na mafundi."

Aristide alikuna kichwa. Alma akaruka. "Babu!"

Basi Évode akawasimulia yote, mpaka jogoo. Gaudiose alishika kiuno.

"Na ile siri?"

"Mama Yvan," alisema Évode, "leta chai."

Alisema kwa Kiswahili. Gaudiose akaenda kuileta, huku akigomba njia nzima.