Jembe Chini ya Injini

Mjomba wangu Mabruki huosha maiti, na si mtu wa kubuni mambo. Haya yalimpata jirani yake Nassibu, fundi magari wa Tabora, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa. Nassibu alikuwa gerejini kwake anakunywa chai na kumbeza kila aliyepita. Huyo naye na baiskeli yake ya kuazima. Yule mseminari wa Kipalapala, kanzu nyeupe, soli imetoboka. Dharau ndiyo iliyokuwa kitafunio chake. Kitu kimoja tu alikiheshimu duniani, nacho ni mikono yake mwenyewe. Alijigamba kwamba akiweka kiganja juu ya boneti, ugonjwa wa gari unajitaja wenyewe.

Hapo akaingia Masolwa, dereva wa ile operesheni ya vijiji, na Landrova kuukuu iliyokuwa ikisomba watu na vyungu vyao. Gari lilitetemeka mpaka vioo vinalia. Masolwa alieleza kwamba lilianza kama mchezo, sasa hata usukani haushikiki. Nassibu akasonya. Mtu anayejua kukanyaga mafuta tu, alisema, atajua nini? Akakaza nati za magurudumu. Akayahamisha ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Akafungua propela, ile fimbo ya chuma inayozungusha magurudumu, akaikagua, akairudisha. Akawasha gari likiwa limesimama, na mtetemo ukawa palepale. Kumbe si magurudumu, ni injini. Akaingia chini.

Pale ambapo injini hukalia raba, hapakuwa na raba. Palikuwa na jembe dogo la zamani, lisilo na mpini, limeshindiliwa.

Ikabidi Masolwa aseme. Raba hazipatikani madukani, kila mtu anajua. Siku walipovunja kaya moja karibu na Tura, kwenye njia ya zamani ya wapagazi, aliliona jembe hilo ndani ya kijumba cha mizimu, akaona linatosha. Tangu siku ile halali vizuri. Akaomba apewe alirudishe.

"Chuma ni chuma," Nassibu akamwambia.

Akakata raba kwenye tairi bovu, akaiweka. Injini ikatulia tuli. Masolwa akaondoka hata bila kuaga, na jembe likabaki, maana Nassibu alikuwa na shida ya washa, vile viduara vya chuma vyenye tundu katikati vinavyokaa chini ya nati. Akalibana jembe kwenye jiliwa, akachukua msumeno. Lilikuwa limebanwa barabara. Bado alilisikia likitetemeka. Akatema mate, akaendelea kukata. Zikatoka washa nne. Akazifunga kwenye magari ya wateja, huku akiwacheka mafundi wanaolialia ati hakuna spea.

Haukupita muda, magari yale yakarudi. Yote yanatetemeka. Aliwaita wenyewe wajinga wasiojua kuendesha. Kisha chai ikaanza kumwagika kikombeni. Kisha spana ikamdondoka. Mikono ile, loo, mikono aliyoiringia mji mzima, ikawa inatetemeka mchana kutwa, na wateja wakampita wakienda kwa wengine. Fundi asiyeweza kushika nati si fundi tena. Nassibu alilijua hilo, na aliogopa kama mtoto.

Akamtafuta Masolwa, naye akampeleka kwa mwenye jembe, Bibi Josepha, katika kijiji kipya alikomwagwa na Landrova ileile. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Nassibu, aliyezoea kuamkiwa yeye, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Bibi aliitazama mikono ile kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. Akasimulia kwa mkato tu. Babu yake alikuwa mpagazi. Alishikwa na homa njiani, wenzake wakamwacha pembeni anatetemeka, wakaleta nyumbani jembe lake peke yake. Mwili haukupatikana. Ndiyo maana jembe lilijengewa nyumba.

"Umemkata," akanong'ona. "Nirudishie mzima. Kabla mvua haijanyesha."

Mabaki ya jembe Nassibu alikuwa nayo. Kwa zile washa, akazunguka mji akiwaangukia aliowatukana. Walimcheka sana, lakini wakamruhusu afungue. Akapata moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne hakuikuta. Nati ilikuwepo, imekazwa kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake hapakuwa na kitu.

Akawa anatambaa chini ya kila gari, akipapasa udongo. Mawingu yakakusanyika. Mvua ya kwanza ikanyesha mchana, na miguu yake ikaonekana imechomoza chini ya gari bovu gerejini, inachezacheza. Watu walipita. Masolwa naye alipita, akasalimu, asipojibiwa akajua ni yaleyale ya siku zote. Fundi yule na maringo yake, nani angemsumbua akiwa kazini? Walipokuja kumtazama, miguu ilikuwa imetulia.

Mjomba ndiye aliyemwosha. Homa ilikuwa imemmaliza, mwili umepoa na kukakamaa. Alipokikunjua kiganja cha kulia, kidole chake kikagusa kitu kigumu chini ya ngozi. Cha duara. Kina tundu katikati. Akaugeuza mkono huku na huku. Hakuona jeraha wala kovu.

Akavikunja vidole vya maiti haraka, akamvika sanda, asimwambie mtu siku ile. Maiti ilikuwa imetulia kabisa. Kile kiduara kilikuwa bado kinatetemeka.